Ampu za USB za bei nafuu: ipi inafaa hedifoni zako

Nianze na jibu, kwa sababu wengi wanaoniuliza wako dukani tayari na pesa mkononi. Ukiwa na iyafoni za kawaida za kutumbukiza sikioni, adapta ndogo ya Apple ya USB-C inatosha, hasa kwenye laptopu au iPhone yenye USB-C. Ukiwa na hedifoni kubwa za studio, tafuta adapta yenye chipu ya CS43131. Ukiwa unakaa mezani na kompyuta kutwa, unahariri kwaya au vipindi vya redio, ampu ya mezani ya FiiO E10K bado inastahili nafasi yake. Na kama simu yako ya Tecno au Infinix ina jeki ya hedifoni isiyokupa shida, isikilize kwanza hiyo hiyo kabla hujatoa shilingi.

Sababu za majibu haya haziko kwenye maboksi. Boksi litakutajia biti 32, kilohezi 384 na picha ya studio. Mimi nimezisikiliza ampu hizi kwa rumba, kwa kwaya za Kiswahili, kwa adungu, vinubi vya West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kwa sauti kavu za watangazaji, na ninachoshikilia ni hiki: zikiwekwa kwenye kiwango kimoja cha sauti, ampu za USB zilizotengenezwa vizuri zinakaribiana mno. Zinaachana kwenye nguvu ya kusukuma hedifoni nzito, yaani zile zinazohitaji umeme mwingi ili zisikike vizuri, kwenye kelele ya umeme inayopenya, na kwenye jinsi zinavyoelewana na simu au kompyuta yako. Chagua kwa hayo.

Hakikisha kwanza ina kitu ndani

Waya wa USB hubeba namba, na hedifoni hazijui namba. Lazima katikati pawe na chipu ya kuzigeuza namba hizo kuwa umeme wa sauti, ile ambayo mafundi huiita DAC, na baada yake ampu ya kuupa umeme huo nguvu ya kutikisa hedifoni. Katika adapta nyingi za siku hizi vyote viwili vimo ndani ya chipu moja. Chakula chake kinatoka kwenye USB yenyewe: volti 5, na kwa USB 2.0 isiyozidi miliampea 500.

Sasa, kwenye maduka ya simu ya katikati ya Kampala, kuanzia Luwum Street hadi William Street, kuna adapta za USB-C zisizo na chipu yoyote. Ni waya mtupu. Zilitengenezwa kwa simu chache ambazo hutoa sauti iliyokwisha kugeuzwa moja kwa moja kupitia tundu la USB-C. Ukiichomeka kwenye simu nyingine, kimya. Si kila muuzaji anayekuambia "hii ni orijino" anakusudia kukudanganya. Kwa macho hazitofautiani, na yeye mwenyewe huenda hajui. Nenda na laptopu yenye tundu la USB-C, au uombe ya dukani, uichomeke adapta hedifoni zikiwa ndani yake. Yenye chipu itajitokeza mara moja kwenye orodha ya vifaa vya sauti ikiwa na jina lake. Isiyo na chipu haitatokea popote. Muuzaji akikataa usiijaribu, hama duka. Maduka ni mengi.

Volyumu ndiyo inayowapotosha watu

Hapa ndipo ulinganisho mwingi unapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu anachomeka ampu ya kwanza, anasikiliza. Anachomeka ya pili, anasema hii ina besi nzito zaidi na trebo safi zaidi. Swali la kumuuliza kabla ya yote: je, hiyo ya pili haikuwa juu kidogo? Sikio la binadamu halizipokei sauti zote kwa usawa. Muziki ukishushwa, besi ndiyo hutangulia kupotea; ukipandishwa, besi inarudi. Na kupanda kwenyewe kukiwa kudogo, desibeli moja au chini ya hapo, msikilizaji hasemi kwamba sauti imeongezeka. Anasema imejaa, ina uhai, waimbaji wameachana vizuri. Hadanganyi, anasikia hivyo kweli. Lakini alichokisikia ni volyumu, si ubora wa ampu.

Adapta za bei nafuu hazitoi volti sawa. Moja inatoa nusu volti, nyingine volti moja, nyingine volti 2. Kila volti zinapozidishwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 6. Ukizilinganisha zote kwenye alama ileile ya volyumu ya simu, umelinganisha volti tu.

Anayetaka haki atumie multimita. Pakua toni ya hezi 100, icheze kupitia ampu hedifoni zikiwa zimechomekwa kwa kigawanyishi cha jeki moja kuwa mbili, lakini zivue masikioni kwanza. Pima volti za AC kwenye jeki, kisha rekebisha volyumu mpaka kila ampu isome sawa, tuseme milivolti 200. Tofauti ya milivolti 2 ni kama desibeli 0.1, na hapo sikio haliwezi tena kupendelea. Angalia mita yenyewe kabla ya kuinunua: zile ndogo za manjano zinazouzwa kwa mafundi wa umeme, nyingi kipimo chake cha chini cha AC ni volti 200, na hazitakuonyesha kitu cha maana kwenye milivolti. Unahitaji yenye kipimo cha volti 2, au inayojipangia kipimo yenyewe.

Halafu mwombe mtu akubadilishie ampu bila kukuambia ni ipi. Tumia muziki unaoujua kwa moyo. Mimi hupenda adungu zikipigwa kwa kundi, kwa sababu adungu kubwa ina besi ya nyuzi isiyo na umeme wowote ndani yake, na zile ndogo zina mdundo wa kidole unaoanza ghafla na kufifia taratibu. Engalabi, ile ngoma ndefu ya Buganda, nayo ni mtihani mzuri: kofi la kwanza kwenye ngozi ni kali, na ampu iliyoishiwa nguvu hulilainisha. Ukishasawazisha volti, utashangaa ni mara ngapi huwezi kutaja ipi ni ipi. Hiyo ni habari njema kwa mwenye pesa kidogo.

Na faili yenyewe iwe nzuri. Wimbo uliobanwa mara kwa mara kabla ya kukufikia umekwisha kupoteza vitu ambavyo hakuna ampu itakayovirudisha. Spotify kwenye kiwango cha kawaida hutuma kilobiti 96 kwa sekunde, na kwa kiwango cha juu kabisa cha faili zake zilizobanwa hufika 320; kwa jaribio la siku moja, tumia bando upakue kwa kiwango hicho cha juu.

Adapta ya Apple

Ilitoka mwaka 2018 kwa dola 9 huko Marekani, na ni kifaa kilichowaaibisha wakubwa wengi. Kumbuka kwamba mwaka 2012 kampuni ya AudioQuest ilipotoa DragonFly, ampu ya USB yenye umbo la flashi, bei ilikuwa dola 249 na watu waliona imeshuka bei. Katika vipimo vya maabara, kiadapta hiki cheupe kina upotoshaji mdogo kiasi kwamba sikio halina cha kulalamikia, na ukinzani wake wa kutolea sauti uko chini kidogo ya omu 1. Hupokea biti 24 na kilohezi 48, inatosha. CD ni biti 16 na kilohezi 44.1, yaani sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na hilo linatosha kubeba sauti za mpaka kilohezi 22; kijana mwenye masikio mazima husikia mpaka karibu kilohezi 20. Namba 384 kwenye boksi la mshindani haikuongezei noti hata moja ya gitaa.

Ila kuna mawili ya kujua, na yote yanatuhusu sisi.

La kwanza, adapta hii iko ya aina mbili zinazofanana kama mapacha. Yenye namba A2049 hutoa volti 1. Yenye namba A2155, iliyouzwa Ulaya kwa sababu ya kanuni zao za kulinda masikio, hutoa kama nusu volti. Bidhaa zinazofika Kampala hupitia Dubai, China, Uingereza na kwenye mabegi ya wasafiri, kwa hiyo duka moja linaweza kuwa na zote mbili. Soma namba. Tofauti ni desibeli 6 nzima, na kwa hedifoni nzito ndiyo tofauti kati ya kutosha na kutotosha.

La pili, Android. Simu nyingi za Android zikiiona adapta hii huiacha volyumu yake ya ndani ikiwa chini, kisha hukupa volyumu ya simu yenyewe juu ya hapo. Unapandisha mpaka mwisho na bado muziki uko mbali. Wengi huitupa wakidhani ni mbovu. Programu kama USB Audio Player PRO, inayoshika USB yenyewe bila kupitia mfumo wa simu, huitoa kwenye kifungo hicho, lakini inalipiwa na haisaidii kwenye YouTube. Kwenye laptopu ya Windows, kwenye Mac na kwenye iPhone ya 15 kwenda mbele hakuna tatizo hilo. Kwa hiyo nikisema "inatosha", nina maana laptopu na iPhone bila wasiwasi, na Android kwa iyafoni nyepesi tu.

Adapta za CS43131

CS43131 ni chipu ya Cirrus Logic yenye DAC na ampu pamoja. Imo ndani ya adapta nyingi za Kichina, na JCALLY JM20 ndiyo mfano unaojulikana zaidi kati ya zile za bei ya chini. Kwenye karatasi ya mtengenezaji, chipu ina desibeli 130 kati ya kimya chake na kilele chake, na hutoa mpaka volti 2.

Hizo desibeli 130 usizinunue, chumba chako hakina kimya cha kuzionyesha. Nunua volti 2. Na tuone zinafanya nini kwenye hedifoni halisi.

AKG K240 Studio, ambazo utazikuta katika studio ndogo nyingi, zina ukinzani wa omu 55 na usikivu wa desibeli 91 kwa miliwati moja. Hiyo ni hedifoni nzito, ingawa namba 55 inaonekana ndogo. Kwa nusu volti zinafika karibu desibeli 98 kwenye kilele, kwa volti 1 kama 104. Beyerdynamic DT 770 Pro za omu 250 zina desibeli 96 kwa miliwati: nusu volti ni miliwati 1, basi desibeli 96, volti 1 ni miliwati 4, desibeli 102, volti 2 ni miliwati 16, desibeli 108.

Utasema desibeli 96 ni kelele za kutosha. Ni kweli kwa muziki wa kibiashara uliobanwa mpaka kila kitu kiko juu. Lakini sisi tunaorekodi hatusikilizi huo tu. Kwaya ikirekodiwa vizuri, fundi huacha nafasi juu ili soprano akipaza ghafla sauti isipasuke, na kilele cha rekodi mbichi huwa desibeli 12 au zaidi chini ya kiwango cha mwisho ambacho faili inaweza kubeba. Wastani wake uko chini zaidi tena. Toa hizo 12 kwenye 96, kisha toa nyingine 15 za kutoka kilele hadi wastani, umebaki na desibeli 69, chini ya fundi anayekata chuma nje ya dirisha. Hapo mhariri hasikii pumzi ya mwimbaji, hasikii kiti kikilia, na anavipeleka vyote kwenye redio. Volti za ziada ni za kazi, si za kujiumiza masikio.

Nilitaje na hilo la masikio, kwa kuwa nalijali. Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa mpaka wa usalama kwa mtu mzima. Ukifika 90, saa zinashuka hadi 4. Anayepandisha volyumu ndani ya taksi kutoka Ntinda ili ishinde injini na redio ya dereva anazimaliza saa hizo ndani ya siku chache. Dawa yake ni iyafoni zinazoziba sikio vizuri. Ampu yenye nguvu itamzidishia madhara.

Turudi kwenye chipu. Upande wa pili, ukiwa na iyafoni za omu 16 au 32, faida ya CS43131 inapungua. Kushikilia volti 2 kwenye omu 32 kungetaka miliwati 125, na ampu ya ndani ya chipu hii haikuundwa kwa mzigo huo. Kwa iyafoni nyepesi, basi, unalipia zaidi na kusikia kilekile ulichosikia kwenye A2049. Faida moja inabaki hata hapo: Android nyingi huzichukua adapta hizi bila ule ubishi wa volyumu. Kwa mwenye simu ya Android peke yake, hiyo pekee yaweza kuwa sababu ya kuichagua. Hula betri zaidi kidogo; ukiwa mahali umeme unakatika hovyo, liweke akilini.

Za chini yake, zenye chipu ya CX31993, zipo kwa bei ndogo zaidi. Chipu ni nzuri, lakini matokeo yanategemea sana nani ameijenga adapta na kama ameongeza ampu nyingine pembeni. Ningeichukua iliyojaribiwa mbele yangu, si ya kuagiza kwa picha.

Creative Sound Blaster Play! 3

Kwa ufupi: ni ya USB-A, ya kompyuta, biti 24 na kilohezi 96, na ina matundu mawili, la hedifoni na la maikrofoni. Anayesikiliza muziki tu ana chaguo bora hapo juu. Anayefanya mikutano ya mtandaoni, ukalimani au masomo ya Kiswahili kwa kompyuta ya mezani isiyo na USB-C atafurahia lile tundu la pili, kwa kuwa hedifoni nyingi za ofisini zina plagi mbili na adapta ndogo hazizipokei.

FiiO E10K

Hii ni ampu ya mezani, kisanduku cha chuma chenye kitufe cha kuzungusha mbele. Ilitoka mwaka 2014, na toleo la E10K TC lenye tundu la USB-C likafuata. Bei yake ng'ambo ilikuwa kama dola 75, mara nane ya Apple, na ikifika huku kuna nauli na ushuru, na VAT ya asilimia 18.

Mara nane ya bei si mara nane ya sauti. Volti zikisawazishwa kwa iyafoni nyepesi, mimi siwezi kuitofautisha na adapta ya Apple, na sioni sababu ya kumfanya mtu aamini vingine. Unacholipia ni miliwati 200 kwenye omu 32, ambazo hakuna kiadapta kati ya hivi kinachozigusa. Ni swichi ya kuongeza nguvu kwa hedifoni nzito. Ni tundu la nyuma la kupeleka sauti kwenye mixa au spika. Na ni ule mkono wa volyumu. Mkono wa volyumu ni kitu cha maana kuliko watu wanavyodhani. Unapohariri na mtu anapiga kelele ghafla kwenye rekodi, mkono unafika kwenye kitufe kabla jicho halijaipata alama kwenye skrini.

Ina pia swichi ya besi. Kwa K240, ambazo chini kabisa ni nyepesi, swichi hiyo hulifanya gitaa la besi la rumba lisimame mahali pake, na jioni baada ya kazi huiwasha bila aibu. Wakati wa kuhariri izime, la sivyo utapunguza besi ambayo haikuzidi, na kwenye redio kipindi kitatoka kikavu.

Udhaifu wake upo. Volyumu ya kuzungusha ikiwa karibu na sifuri, upande mmoja waweza kusikika juu kuliko mwingine, na kwa iyafoni nyepesi sana ndipo unapokaa. Shusha kwanza volyumu ya kompyuta ili kitufe kipande hadi katikati. Na usiinunue kwa ajili ya simu. Imepangiwa chakula cha kompyuta.

Umeme wetu na kelele zake

Adapta inayosifiwa kwingine yaweza kuvuma nyumbani kwako, na kosa lisiwe lake.

Ukisikia mvumo au mlio wa nyuki, chomoa chaja ya laptopu, ubaki na betri. Mvumo ukikoma, umepata mwizi. Chaja nyingi za miguu miwili huvujisha umeme kidogo sana kwenda kwenye mwili wa laptopu. Ndio ule msisimko unaousikia ukipitisha kidole kwenye chuma chake wakati inachaji. Hedifoni peke yake kwa kawaida hazisumbuliwi sana. Shida huja unapounganisha E10K kwenye mixa ya kanisa, mixa nayo ikiwa na waya wake wa ardhi. Umeme ule unaovuja unapata njia ya kwenda ardhini kupitia waya wa sauti, na hezi 50 zinaimba pamoja na kwaya. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au endesha laptopu kwa betri wakati wa kurekodi, au weka transfoma ndogo ya kutenganisha sauti katikati ya ampu na mixa. Tafadhali usikate mguu wa ardhi wa plagi. Nimeona hilo likifanywa kama ufundi, na ni mguu unaomlinda mwimbaji aliyeshika maikrofoni ya chuma.

Wenye sola waangalie inveta. Za bei rahisi hutoa umeme wa ngazi badala ya wimbi laini, na kila chaja inayochomekwa hapo huanza kulalamika. Tena, betri ya laptopu ndiyo kimbilio.

Kompyuta za mezani zilizotumika, zile Dell na HP zinazotoka ng'ambo na kujaa ofisini na kwenye shule, ndizo zinazofaidika zaidi na ampu yoyote ya USB. Jeki ya mbele ya kompyuta hizo hupata sauti kwa waya mrefu unaopita kando ya kila kitu kinachopiga kelele ndani ya sanduku. Ukitembeza kipanya, unasikia mikwaruzo. Hapo hata adapta ya bei ya chini kabisa, ikichomekwa tundu la nyuma, italeta tofauti ambayo huhitaji multimita kuithibitisha. Ya USB-C itahitaji kigeuzi cha kwenda USB-A.

Jambo moja la iyafoni zenye spika nyingi

Iyafoni za Kichina zenye spika mbili au tatu ndani ya kila upande, kama baadhi ya zile za kampuni ya KZ, hubadilika tabia zikichomekwa kwenye jeki yenye ukinzani mkubwa. Besi inaweza kuvimba au trebo kufifia. Kanuni ni kwamba ukinzani wa ampu usizidi sehemu ya nane ya ule wa hedifoni. Kanuni hii ilienezwa sana na mhandisi aliyejiita NwAvGuy, yule aliyeweka mchoro wa ampu ya O2 hadharani mwaka 2011 na kuonyesha kwamba sauti safi haihitaji bei kubwa. Adapta ya Apple na zile za CS43131 ziko salama kabisa hapa. Jeki za kompyuta za zamani mara nyingi haziko.

Nani achukue ipi

Mwanafunzi wa Makerere mwenye laptopu na iyafoni: A2049, ikishajaribiwa dukani. Mwenye Android isiyo na jeki: adapta ya CS43131, hata kama iyafoni zake ni nyepesi, kwa sababu ya ile shida ya volyumu. Mwenye K240 na laptopu: A2049 itamtosha kusikiliza, CS43131 itamtosha kuhariri. Kikundi cha kwaya cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale au cha mji wa Arua kinachorekodi, kuhariri na kupeleka sauti kwenye mixa kwa laptopu ileile: E10K, na pesa za transfoma ya kutenganisha zitengwe tangu mwanzo.

Mwenye DT 770 za omu 250 asichukue A2155 kwa bei yoyote, hata akipewa bure na ndugu aliyetoka Ulaya. Aipokee, aitumie na iyafoni za njiani, na za studio azinunulie yenye volti 2. Na anayefikiria kununua hedifoni na ampu kwa mara moja, akachukua DT 770 za omu 80 au za omu 32 badala ya 250, atazisukuma kwa adapta ya Apple ya volti 1 na kubakiwa na pesa za kulipia bando la mwezi.